Fidla Iliyofukizwa Udi

Jumatatu, 4 Agosti
Skeli za fidla baada ya alfajiri, mlango umefungwa. Kidole kidogo kizito. Unyevu wa Lamu unalegeza nyuzi, kila mara nakaza upya. Nilikuja kumuuguza mama. Homa imemtoka, sasa yeye ndiye ananilisha mie.
Jumatatu ijayo mtihani Nairobi: kiti cha mbele, fidla ya pili. Aliyekikalia amestaafu. Mimi niko safu ya nyuma tangu nilipoingia okestra. Nakitaka. Nakitaka mpaka naona haya.

Jumanne, 5 Agosti
Mazoezi asubuhi, tena baada ya alasiri. Ukurasa wa tatu unanishinda. Watahini watakaa nyuma ya pazia, wasijue anayepiga ni nani. Afadhali. Nimechoka kutazamwa mtandio kabla ya kusikilizwa.
Mama hajawahi kuigusa fidla. Huiita "kidude chako". Nilipoacha ualimu kwa ajili ya fidla alilia kama kwenye msiba. Leo alikaa ukumbini kimya mpaka nikamaliza, kisha akaenda kuchagua mchele.

Alhamisi, 7 Agosti
Ukurasa wa tatu umekaa. Niko tayari. Naandika ili kesho nisijikane.

Ijumaa, 8 Agosti
Ya Rabi.
Nilitoka kwenda sokoni. Kurudi, nyumba imejaa udi. Mama amefukiza nguo zangu za safari. Na fidla. Kailaza juu ya tenga la kufukizia nguo, chetezo chini, makaa mekundu. Gundi ya fidla ni ya ngozi, ikipata moto huyeyuka. Mgongo umeachana na ubavu. Kidole kinapita.
Alikuwa na furaha. "Nimekufukizia kidude chako, mwanangu. Mtu hendi mbee za watu na kitu kisichonukia."
Mara yake ya kwanza maishani kuishika.
Nikasema ahsante. Nikaingia chooni, nikauma kanga.

Jumamosi, 9 Agosti
Nina hasira naye. Hasira kubwa, Mungu anisamehe. Wala siwezi kumwambia.
Seremala wa mtaani ana gundi nyeupe tu. Hiyo ikishika haifunguki tena, itaiua. Fundi wa Nairobi anataka wiki nzima. Mama kauliza mbona yeo, tangu asubuhi, sipigi. Nikamwambia napumzisha vidole.
Nimepanda boti hadi Faza, kwa Bwana Shee, mpiga fidla wa taarabu aliyenifunza kushika upinde. Kaniazima yake bila maswali. Shingo nene, sauti ya kukwaruza. "Uzi wa tatu hulegea," kaniambia. "Uutizame."
Mama nimemwambia naenda kumwamkia mwalimu. Uongo nusu.

Jumatatu, 11 Agosti
Nairobi. Pazia jeusi. Ukurasa wa kwanza salama. Wa pili salama. Wa tatu, uzi ukalegea. Sikusimama, nilihamisha vidole nikiufuata ulikokwenda. Haikutosha. Upande wa pili mtu akakohoa, kisha: "Asante, inatosha."
Sijala tangu asubuhi.

Jumatano, 13 Agosti
Kiti kapewa mwenzangu, mdogo kwangu. Anastahili. Imeniuma vilevile.
Kumpigia mama nilichelewesha mpaka magharibi. Alisema Mungu hamtupi mja wake. Halafu akauliza, polepole, "Lakini ilinukia?"
Nikamwambia ilinukia, mama. Mpaka nyuma ya pazia.
Nikamsikia akicheka. Hasira sikuiona tena.

Jumamosi, 23 Agosti
Fidla yangu imerudi kutoka kwa fundi wa Nairobi. Imeshikana vizuri. Ya Bwana Shee nimeifunga, itakwenda na mtu wa Faza, na nyuzi mpya ndani.
Nikiweka kidevu, udi bado upo. Skeli baada ya alfajiri. Kidole kidogo chepesi kidogo.
Mama amesema nikija tena ataifukiza. Nimemwambia haya, mama. Nimenunua gundi ya ngozi kwa fundi, nimeitia kwenye kasha la fidla.