Mlango wa Wodi Wakati wa Raundi

Jumatatu, 3 Juni 1996

Saa tatu kasoro nimewatoa kina mama wodini kama kawaida. Wao na leso, mabeseni, thamosi zao, wote kwenye benchi la veranda. Nikafunga mlango. Daktari hawezi kusikiliza kifua cha mtoto huku mama saba wanamweleza habari za matumbo. Ndivyo nilivyofundishwa.

Mmoja kanipa taabu. Nyanya wa kitanda cha saba, kutoka kisiwa cha Takawiri. Wodi nzima inamwita Dani, nyanya kwa Dholuo. Mjukuu wake ana miaka minne, malaria kali, yuko kwenye dripu ya kwinini tangu Jumamosi. Dani kashikilia chuma cha kitanda. "Mimi hapana toka, Sista." Ametoka. Sauti ninayo, Mungu kanijalia.

Tulipomfikia, mtoto alikuwa amefumba macho, paji limelowa jasho. Nimeandika: homa inavunjika. Vizuri.

Jumanne, 4 Juni

Daktari Kirui, mgeni wetu, ametangaza wakati wa chai kwamba kuanzia Alhamisi kina mama watabaki ndani wakati wa raundi. Eti mama anajua mengi kuliko faili. Metroni, mkuu wetu wa wauguzi, akaendelea kukoroga chai. Mimi nimekereka. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini huyu hata kikombe chake bado hajakijua.

Kitanda cha saba, jasho tena. Nimemwita Karolina, jina lililo kwenye faili. Hakuitika. Midomo ilikuwa inacheza, nikainama. Dholuo yangu ni ya dukani kwa baba kule Migori, lakini maneno haya niliyaelewa.

Mwambieni mama aingie.

Mama yake yuko kisiwani na mtoto mchanga. Ni homa hiyo, mtoto anaropoka. Nimeandika tena: homa inavunjika. Yale maneno sikuyaandika.

Jumatano, 5 Juni

Mtoto aliamka vizuri, akaomba uji. Uji hutoka jikoni baada ya raundi, wodi isichafuke. Akangoja.

Kwenye raundi, maneno yale yale. Sauti si ya mtoto wa miaka minne. Ya mtoto mkubwa kidogo, mwenye adabu, anayeomba mara ya pili baada ya kukataliwa. Nywele zilinisimama. Daktari alikuwa kitanda cha tatu, hakusikia. Metroni kaniambia nina uchovu.

Nilifungua mlango kumtafuta Dani. Alikuwa amesimama palepale, kiganja juu ya mbao za mlango. Akaniuliza, "Akumu amekuja?"

Nikamwambia hapa hakuna Akumu. Nikafunga mlango kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Naogopa. Sijui naogopa nini.

Alhamisi, 6 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Raundi ya kwanza na kina mama ndani. Vurugu, kama nilivyotabiri. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia Daktari. Kufika kitanda cha saba akavuta stuli, akakaa chini kuliko Dani, akamwuliza kwa upole mtoto anaendeleaje. Dani akaanza kusema Dholuo, Mama Otis wa kitanda cha sita akawa anatafsiri.

"Anasema Karolina ni jina ya kanisa. Nyumbani anaitwa Akumu. Alipozaliwa alilia siku tatu, wakaita majina ya watu wao wenye walikufa, moja moja. Kwa Akumu akanyamaza."

Akumu alikuwa dada yake Dani. Alifia hapahapa, kwenye jengo la zamani lililobomolewa, Dani akiwa mdogo. Wakati wa raundi. Mama yao alitolewa nje, Dani akiwa amemshika nguo, na wote wawili walimsikia akiita, mama aingie, mama aingie. Mlango ulipofunguliwa kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

"Sasa anasema huyo dada anakuja. Jumapili hakukuwa na raundi, yeye hakutolewa nje, akamwona. Kwanza jasho baridi. Halafu mkono inatetemeka. Halafu anamwita Dani dada. Akipewa uji, anaenda." Mama Otis akashusha sauti. "Anasema jana aliweka uji kando. Hajampa kitu tangu jana mchana. Alitaka dada akae kidogo."

Kina mama wote wakageukia kitanda cha saba. Hata watoto.

Daktari akaweka mkono kwenye paji la mtoto. "Huyu ni baridi," akasema. "Hii si homa kuvunjika. Ni sukari imeshuka."

Kwinini hushusha sukari. Hilo nalijua, nilifanyia mtihani. Na wiki hii dekstrosi, maji ya sukari ya dripu, imeisha stoo, dripu tunachanganya na maji ya chumvi. Mtoto ana njaa, ana kwinini, na kila asubuhi tunamfungia nje mtu pekee aliyeona.

Hapo hapo mtoto akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yakageuka. Daktari akaita glukosi ya sindano, vichupa vichache vya dharura tulivyobakiza. Mshipa ulinikimbia mara mbili. Nilikuwa nasema bismillahi kwa sauti, sikujali nani anasikia. Dani alimshika miguu, analia, anarudia neno moja. Nalo nililielewa. Nenda. Nenda, dada yangu. Nenda.

Sindano ilipofika nusu, mtoto akafumbua macho. Akamtazama nyanya yake kama mtu aliyeamka usingizini. "Dani," akasema. Akaomba uji.

Baadaye nimelitazama faili. Homa inavunjika. Homa inavunjika. Mwandiko wangu, mzuri, umenyooka. Ningemwua mtoto kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepigana na jikoni. Uji sasa saa moja na nusu, kabla ya raundi.

Mtoto ameketi, anacheza na vizibo vya soda. Nimemwita Akumu, akageuka mara moja, akacheka. Haropoki tena.

Dani hataki kula. Nilikaa naye kitandani, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Akaniambia, "Mjukuu nimepata, Sista. Dada nimefukuza." Nikamsogezea kikombe cha uji.

Jumanne, 11 Juni

Waliruhusiwa jana. Dani alinishika mkono akaomba kitu kimoja, kwamba mlango usifungwe tena wakati wa raundi. Dada yangu ameenda, alisema, lakini mama yetu sisi wawili, aliyetolewa siku ile, bado yuko huko nje. Yeye hakuna mtu alimwambia ingia. Nikaitikia haya, Dani, kama mtu anavyowaitikia wazee.

Leo kwenye raundi upepo wa ziwa ulikuwa mkali, makaratasi yakaruka. Metroni akaenda kufunga mlango. Nikamwambia auache. Alinitazama, lakini akauacha. Kina mama wote walikuwa ndani, kila mmoja kwa mtoto wake. Benchi la veranda tupu, jua limelipiga.

Kitanda cha saba kina mtoto mpya, msichana wa miaka miwili kutoka Magunga. Mama yake alikuwa amesimama upande wa kichwani. Tulipofika, mtoto hakututazama. Alikuwa anatazama mlangoni. Macho yake yakafuata kitu taratibu, kutoka mlangoni mpaka kitandani. Kisha akakunja miguu, akasogea ukutani, kama mtu anayempisha mwenzake akae.

Daktari akauliza mtoto amelalaje. Mama yake akasema amelala vizuri. Nikaandika, tukaenda kitanda cha nane.