Hukuwa Mlinzi, Shangazi

Shangazi,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku hizi naamka kabla ya alfajiri nimelowa jasho, na mara nyingine natamani nisingeamka kabisa. Naona haya hata kuliandika. Nimemaliza shule, na watu husema mimi ni msichana mtulivu. Utulivu gani!

Tangu ufe, wamekubaliana kusema ni presha. Matanga yalivunjwa upesi, kabla hata watu wetu wa Tarasaa hawajafika. Mtu akiniuliza, Mama hunitazama, nami najibu, "Presha." Nimechoka na neno hilo. Najua ulijiua. Najua pia kwamba hayakuanza mwaka huu. Yalianza asubuhi ile kijiji kiliposhambuliwa na nyumba zikachomwa, ukakimbia umenibeba mgongoni, na mumeo akabaki nyuma.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: tangu siku ile hukulala tena usingizi wa maana, na kijiji kizima kikafurahia. Mto ukifurika, ni wewe uliyegonga milango. Viboko wakiingia kwenye mpunga, ni wewe uliyepiga sufuria. "Laleni, yule mama yuko macho," walisema huku wakicheka. Wakati wa mavuno walikuletea mchele wa shukrani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mtu halali mwaka baada ya mwaka.

Nami ulinitania, "Lala wewe, mvivu. Nikichoka nitakuamsha."

Hukuniamsha.

Wiki iliyopita nilikwenda Garsen. Mama Fardosa wa duka la nguo, yule aliyekimbia vita Somalia, akaniuliza habari zako. Nikasema presha. Akanikazia macho. "Mimi dada yangu pia alikufa hivyo. Sisi tulisema homa. Homa gani? Yeye hajalala tangu vita!" Akaniambia maradhi haya yako nchi nyingi, popote watu walipopitia mambo ya kutisha, na si laana wala upungufu wa imani. Yeye mwenyewe alitibiwa hospitalini. Alizungumza na daktari, akarudi, akazungumza tena, mpaka usingizi ukaja.

Kumbe kulikuwa na matibabu, Shangazi! Na sisi tulikuwa tunakuletea mchele!

Jana jirani aliniona nimekaa nje mapema, akacheka. "Umerithi kazi ya shangazi yako, eh?" Nilitamani kumpigia kelele kwamba ile haikuwa kazi. Ulikuwa unaumwa mbele ya macho yetu. Na mimi sitaki kuurithi ugonjwa huo.

Kwaheri, Shangazi yangu uliyenibeba. Nakuahidi nitatafuta msaada, na nitalala. Mama yuko shambani. Akirudi nitamwambia yote, kisha twende hospitali pamoja. Mpaka atakapotua jembe, nifichie siri hii.