Breki za Kupanda Nazo Moshi

Jumamosi jioni, Ilala. Joto limenikaba tangu asubuhi, mvua inajivuta tu juu ya mji, haishuki. Sijatulia. Nimekaa, nimesimama, nimeenda kuliangalia gari, nimerudi.

Wiki nzima nawaza breki.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka Kibaha, mimi, mke wangu na binti yetu Neema. Nilikuwa nakimbia, sikatai. Naovateki lori, nashika breki, nakanyaga mafuta, nashika tena. Tulipofika Mbezi pedali ikazama laini mpaka karibu na sakafu, na mbele yangu lori la fuso limesimama. Niliipampu pedali kama mwendawazimu! Gari likasimama bampa kwa bampa. Mke wangu hakupiga hata kelele. Alisema tu, "Baba Neema, Desemba mimi na mtoto tunapanda basi."

Msiotoka kwetu mtasema, si basi tu? Jamani. Sisi Wachaga Desemba tunapanda nyumbani Moshi, na mwanaume anapanda na gari lake, familia ndani. Ukishuka, kabla hujapewa hata mbege, pombe yetu ya ndizi, kaka zako wanakuuliza: "Dar mmetoka saa ngapi?" Wanapiga hesabu kimoyomoyo, halafu wanakusifu au wanakucheka. Mwaka jana nilichekwa. Sasa mwaka huu nifike peke yangu, mke na mtoto wako stendi wanasubiri kufuatwa? Bora nibaki Kariakoo niuze masufuria yangu.

Kwa hiyo leo asubuhi nikamwachia dada wa dukani kazi, nikaenda eneo la Gerezani kwenye maduka ya spea na Side, fundi wangu wa Buguruni. Side alishanitafutia mzigo: kalipa kubwa nyekundu, zile za kubana pedi kwenye diski, zimeshuka na kontena kutoka Japani, pamoja na pedi zake na diski zenye matundu. "Bosi, hii used OG, orijino kabisa. Ukifunga hii, kaka zako watakuamkia shikamoo." Mwenye duka akazigonga pedi kwa bisibisi tusikie mlio.

Mji huu sote tuna imani hiyo: kipya ni feki, used ya Japani ndiyo mali. Hata mimi, redio, taa, injini, sinunui kipya. Lakini pedi inalika! Nilizishika, zimebaki unene wa biskuti. Nikajiuliza, kama bado nzima, huyo Mjapani alizivua ya nini? Na kalipa zenyewe hazienei ndani ya rimu zangu, ningebadili na rimu na matairi.

Nilizitamani, lakini. Ule wekundu! Nilitoka dukani nikarudi, nikatoka tena. Mwisho nikachukua vitu visivyo na mbwembwe: pedi mpya za kuhimili joto, diski mpya zisizo na tundu hata moja, paipu zilizosukwa kwa waya, na mafuta ya breki yasiyochemka haraka. Ya zamani Side alipoyamwaga yalikuwa meusi kama kahawa. Alininunia mpaka anamaliza kufunga.

Mimi nilijiona mtu mzima kwelikweli.

Jioni hii, baada ya kuzizoesha taratibu, nikamchukua mke wangu na Neema twende tukazijaribu. Lo! Zinashika! Pedali ngumu, gari linasimama pale pale unapotaka. Nikakanyaga mafuta, nikashika, nikakanyaga zaidi. Nikamgeukia mama Neema huku nimejaa kicheko. "Unaona?"

"Naona," akasema. "Zamani ulikuwa unaanza kushika kule mbali. Sasa unasubiri mpaka tufike mgongoni kwa watu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema tukienda wote safari hii anaendesha yeye, kutoka hapa mpaka getini kwa mama yangu Moshi. La sivyo, basi. Nikabisha. Nikamwambia hata Neema anapenda ninavyoendesha, hafumbi jicho mpaka Moshi, anaitazama barabara pamoja nami. Huwa najisifu nalo hilo kwa watu.

"Tulipoenda na basi kumzika babu yake," akasema mke wangu, "alilala toka stendi mpaka Himo, karibu kabisa na Moshi. Kwako halali kwa sababu anaogopa."

Nikatazama kwenye kioo. Neema ana miaka saba. Alikuwa amekishikilia kiti changu kwa mikono miwili, ananitazama.

Tulirudi polepole.

Sasa nimekaa hapa na breki nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na moyo hautulii. Nawajua kaka zangu. Watakuwa wamesimama pale nje, watamwona anayeshuka upande wa dereva, na kicheko chao kitanifuata mpaka mwaka mpya. Inaniuma, nisidanganye. Hivi nilikuwa nanunua breki za kusimamia, au za kukimbilia zaidi?

Kesho kabla ya kwenda kanisani nitampa mke wangu funguo, kabla sijabadili mawazo.

Safari hii nitakaa nyuma na mtoto. Nataka nione kama atalala.