Jina la Fundi Rajabu

Jumanne, 6 Machi 1934
Siku ya thelathini na moja ya eda. Nimeoga, nimeswali, nimekaa chumbani. Barazani cherehani zinalia. Mafundi wetu Hamisi na Shomari wanashona kanzu za Idi Kubwa kama vile mume wangu angali hai. Hamisi amefanya kazi kwetu miaka kumi na miwili. Rajabu ndiye aliyemfundisha kushika sindano.

Ijumaa, 9 Machi
Barazani kimya. Nilidhani wako msikitini. Alasiri ikapita. Hawakurudi.

Jumapili, 11 Machi
Kaka yangu Ali amewaona. Wamefungua baraza yao Msimbazi. Mlangoni wametundika kibao: Fundi Rajabu. Jina la mume wangu. Wateja wanaambiwa mjane amefunga kazi na kuwaachia wao. Sijafunga. Niko ndani tu, kwa sheria ya dini yangu. Nimelia mpaka kichwa kimeuma.

Jumatano, 14 Machi
Wateja watatu wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Mmoja ni yule Mwarabu wa duka la tende, aliyeshonesha kwetu tangu nilipoolewa. Wote waungwana, wote wamenipa pole. Nimewajibu nikiwa nyuma ya pazia. Kutoka nje siwezi.

Alhamisi, 22 Machi
Kaka amevuka Mnazi Mmoja kwenda kwa wakili, Mhindi mmoja wa mjini. Amerudi amenyong'onyea. Wakili amemwambia, "Mteja si mali ya mtu. Fundi akiondoka, mteja ana hiari ya kumfuata." Hatukuandikiana mkataba wowote. Hata ungekuwepo, si rahisi mahakama kumzuia mtu asishone. Ila jina ni letu, na kusema nimefunga ni uongo. Kwa hayo mawili naweza kushitaki kwa Liwali. Kwanza wakili amewaandikia barua washushe kibao.

Jumatatu, 26 Machi
Idi. Kanzu mpya zinapita dirishani. Nimezitambua shingoni, ule mshono wa Rajabu, kwa mkono wa Hamisi. Leo nimemchukia. Naandika hivyo hivyo.

Jumamosi, 14 Aprili
Barua haikujibiwa. Kibao kipo palepale.

Amekuja mke wa Hamisi peke yake. "Shikamoo, mama." Nusura nisimwitikie. Anasema mumewe alingoja mwezi mzima nimpe neno. Walisikia nitauza cherehani eda ikiisha, wakaogopa.

Ni kweli, sikuwapa neno. Hata kaka sikumtuma. Nilijua wanashona, nikaona yatosha. Hilo limeniuma kuliko kibao. Lakini wangeniuliza.

Jumatano, 13 Juni
Eda imeisha jana. Nimefika mpaka barazani.

Jumatatu, 18 Juni
Mahakamani kwa Liwali. Hamisi amekonda. Liwali akamuuliza, "Nani alikuambia mama huyu amefunga kazi?"

Hamisi akamtazama Shomari.

"Na jina hili, alikupa nani?"

"Nimelitumikia miaka kumi na miwili," Hamisi akasema. Nami nikatazama chini.

Hukumu: kibao kishuke leo, na wateja waambiwe kweli. Kushona washone popote wapendapo. Kaka amefurahi, njia nzima anaongea. Nimeshinda. Wateja hawarudishwi kwa hukumu.

Ijumaa, 22 Juni
Hakuna aliyekuja.

Jumatatu, 25 Juni
Hakuna.

Alhamisi, 28 Juni
Asubuhi amekuja mzee kutoka Kisarawe, kitambaa kwapani. Hushonesha kanzu moja kila mwaka. Akauliza kama fundi yupo.

Nikamwambia amefariki. Tangu msiba, siku zote watu wengine ndio waliolisema neno hilo. Leo nimelisema mwenyewe.

Mzee akakaa kwenye mkeka, akasoma fatiha. Kisha akauliza nani anashona sasa. Nikasema mimi. Mishono ya ndani yote nilikuwa nashona mimi, ila hakuna aliyejua. Akaniachia kitambaa, pamoja na kanzu yake kuukuu ya kupimia.

Nimeitandaza kitandani. Bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Kesho nitakata.