Beringi za Pikipiki ya Babu

Nyumba Na. 9, Foundry Lane,
Cradley Heath,
Uingereza.
2 Oktoba 1983

Mpendwa Shangazi Mavis,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Hujambo? Goti linaendeleaje, na joto la Adelaide limeshaanza kukusumbua? Sisi tu wazima, ingawa ukisoma mbele utaona ni uzima wa namna gani. Hayley ameota meno mawili na anang'ata kila kitu, hata sikio la baba yake. Sweta uliyomfumia inamtosha vizuri, asante sana.

Shangazi, unaikumbuka pikipiki ya Babu, ile ya pistoni moja uliyokuwa ukibebwa nyuma kwenda kanisani. Baba na mume wangu Garth waliifungua yote ili Garth ashindane nayo kwenye mbio za uwanja wa nyasi. Beringi kubwa mbili zinazobeba krenkshafti, ule mhimili mkuu wa injini, zilikuwa zimekwisha, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Garth alinunua zile zilizolegea kidogo ndani, zenye alama yake ubavuni. Baba akazitikisa sikioni.

"Hizi zinalia, kijana. Umeuziwa njuga."

"Zimetengenezwa hivyo, mzee. Zikishaingia kwenye ganda la injini zinabanwa pande zote. Injini ikipata moto lazima ziwe na pa kupumulia."

"Nilikuwa nafunga injini kabla mama yako hajaolewa."

"Ndiyo maana zote ziko makumbusho."

Siku hiyo walicheka wote wawili. Laiti wangeishia hapo.

Unajua kazi hiyo inavyofanyika majumbani kwetu. Ganda linaingia kwenye oveni yangu lipanuke, beringi zinalala kwenye friza kando ya njegere zisinyae. Ganda likitoka, Baba analitemea mate. Mate yakirukaruka, beringi inadondoka ndani yenyewe. Ukichelewa, ganda linapoa, beringi inakwama nusu njiani na kazi imeharibika. Basi Baba, bila kumwambia mtu, alizibadilisha mle mle ndani ya friza. Aliweka za kwake, zile zinazobana, zisizocheza hata kidogo mkononi. Garth alizitoa zimefunikwa barafu, asione kama zina ile alama, akazifunga kwa mikono yake mwenyewe. Baba alidhani anamwokoa mkwewe.

Siku ya mbio nilisimama kwenye kamba ya watazamaji na Hayley mikononi. Garth alikuwa wa pili anaingia kona. Injini ilipiga yowe kisha ikakwama ghafla, gurudumu la nyuma likagoma, Garth akarushwa juu ya usukani na pikipiki ikamfuata na kumwangukia. Mkono wa pistoni ulikuwa umepasua ganda na kutokea nje, oili ya moto inaruka. Nilipomfikia, kinywa kimejaa damu na majani, na mfupa wa mkono wa kulia umetoboa koti. Hayley alikuwa anacheka, Shangazi. Alidhani baba yake anacheza naye.

Alipotoka hospitali, mkono wa kulia umefungwa plasta, Garth aliifungua injini kwa mkono mmoja juu ya meza yangu ya jikoni. Beringi zilikuwa zimegeuka buluu kwa moto. Akazifuta, akatafuta alama, hakuna. Baba alikuwa mlangoni, ametuletea pai.

"Nani kaweka hizi?"

"Mimi. Nilitaka zisicheze."

Garth alimpiga ngumi ya kushoto puani, nikasikia mfupa. Na kaka yako, ambaye hakuwahi kutupiga hata kofi, akaokota ule mkono wa pistoni uliovunjika akamtwanga Garth juu ya plasta. Garth alilia kama mnyama. Wakaangukia kabati, sahani za marehemu Mama zikawamwagikia, wakawa chini kwenye vigae wamekabana makoo, damu mpaka kwenye kiti cha mtoto. Niliwamwagia sufuria ya maji ya viazi. Bahati yao yalikuwa yamepoa.

Tangu hapo Baba hakukanyaga kwetu. Garth alisema mzee akirudi atatoka amebebwa. Kila Jumapili Hayley alikuwa anautazama mlango, na mimi naogopa atakua bila babu anayeishi mtaa wa pili.

Juzi nikakuta soksi ya Baba imesukumwa kwenye tundu la barua. Ndani yake zile beringi za Garth alizokuwa amezitoa friza. Nikazilaza kwenye friza. Fundi jirani alikuwa na ganda zima la injini kama ile, akanipa. Leo asubuhi nikaliweka kwenye oveni, halafu nikampigia Baba simu.

"Baba, ganda liko kwenye moto, na Garth ana mkono mmoja."

"Usilitoe," akasema, akakata.

Aliingia bila kubisha hodi, anahema. Garth akasimama, kiti kikaanguka. Hapo hapo nikalitoa ganda nikaliweka katikati yao. Baba akatema mate, yakarukaruka. Garth akalitazama ganda, akautazama mkono wake wa plasta.

"Shika ganda kwa taulo, mzee. Usiliinamishe."

"Nimeshika. Lete njuga yako."

Garth akaitoa beringi ya kwanza friza, ikadondoka ndani yenyewe. Wakaikandamiza pamoja kupitia taulo, vidole kando ya vidole, mpaka ganda likapoa, kwa sababu ukiiachia mapema inainuka. Hakuna aliyeweza kuondoka. Kisha Baba akaizungusha kwa kidole, akainamisha sikio.

"Imenyamaza," akasema.

"Nilikuambia, mzee."

"Uliniambia. Mimi ndiye sikukusikia."

Walikula kuku aliyenuka oili, na hakuna aliyelalamika. Garth amemwomba Baba aitafute bandani ile siti ya nyuma. Mbio basi, anasema. Ukija Krismasi ya mwakani, utakuwa wa kwanza kubebwa. Mwandikie kaka yako, tafadhali, ila usiulize habari za pua.

Nisalimie Mzee Percy, na binamu zangu Gillian na Keith. Mungu awalinde mlipo na akufikishe kwetu salama.

Mtoto wa kaka yako anayekupenda sana,
Lynette