Mkwaruzo wa Bakari

Ukunda, Kwale

Kwa kaka yangu Wekesa,

Pokea shikamoo yangu, wala usiicheke. Najua huko Bungoma mtu akikuamkia hivyo unageuka nyuma kutazama kama kuna mzee mwingine amesimama, lakini mimi huku bila shikamoo siuziwi hata kiberiti, na ulimi umeshazoea. Mama anaendeleaje na magoti yake? Shemeji alijifungua salama? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akikataa majani, amepona au mmekwisha kumla bila mimi? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio si mzima, na kwa sababu hiyo barua hii itakuwa ndefu, uvumilie.

Barua yako niliipata. Umeniuliza mara mbili katika ukurasa mmoja kwa nini sijafunga mizigo, na mara ya pili umeandika kwa hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi. Una haki. Tangu zile vurugu za kuwafukuza watu wa bara, karibu watu wote wa kwetu niliowajua hapa wameondoka. Fundi viatu niliyekuwa nasali naye ameondoka. Mama aliyekuwa akituuzia uji karibu na kituo ameondoka na sufuria zake. Wageni hawaji, hoteli za Diani zimefunga vyumba vingi, na redio zinazoletwa kwangu ni zile ambazo wenyewe hawana haraka nazo. Ningekuwa nimeshafika nyumbani. Lakini kuna kisanduku kimoja cha chuma, hakizidi kipande cha sabuni ya kufulia, ambacho kimenishika mguu, nami nataka nikueleze fundi kwa fundi, maana wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii na hapa sina mwingine wa kumweleza.

Bakari nilikuandikia habari zake zamani kidogo. Ni mpiga gitaa wa hotelini, mwenyeji wa Munje, mtu mrefu, mpole, anayecheka kwa mabega. Jambo ambalo sikukuandikia, kwa kuwa mama husomewa barua zangu, ni kwamba siku zile mbaya Bakari alikuja dukani kwangu mchana, akanitoa, akanipeleka kwao. Mama yake akanivika kanzu na kofia ya marehemu mumewe, akawaambia majirani kwamba mimi ni mpwa wake wa Majoreni, tena naumwa meno. Meno ilikuwa akili yake, ili nisisemeshwe, kwa maana nikifungua kinywa tu ungejua nimetoka wapi. Nilikaa pale nikimenya muhogo na kushika shavu mpaka mambo yakatulia. Kwa hiyo Bakari akiniletea kitu cha kutengeneza, kaka, mimi si fundi na yeye si mteja. Nadhani unanielewa.

Basi akaniletea kisanduku hicho. Ni kile kidude wapiga gitaa hukikanyaga kwa mguu ili sauti ikwaruze, ile sauti ya gitaa kama mtu aliyelia mpaka koo likakauka. Vya viwandani tumeviona, vimeletwa kwangu mara nyingi. Hiki kilikuwa kingine. Mgeni mmoja mzee wa Uingereza, aliyekuwa akipanda jukwaani kupiga na bendi yao kila msimu, alimwachia Bakari kama zawadi. Kimetengenezwa kwa mkono na mtu mmoja huko kwao, mwenye karakana yake ndogo, anayetia sahihi kila kimoja kwa kalamu. Bakari hukifunga kwa kipande cha leso, na kabla ya kukikanyaga husema bismillahi. Bendi yao ilijulikana kwa sauti ile. Mtu akipita barabarani alijua, anayepiga ni Bakari.

"Fundi," akaniambia, "huyu mtoto wangu amezimika ghafla. Mtizame kwa imani. Ijumaa yuaja meneja mpya kutusikiliza, na yasemekana ataka kuweka mtu mmoja na kinanda cha umeme, bendi yote aifute. Nikienda bila huyu, tumekwisha."

Nikafungua. Kaka, ungeona ungelia kwa raha halafu ungelia kwa hasira. Kwa nje, chuma kizito, rangi imekaa kama ya gari jipya, vitufe vinazunguka kwa ulaini, swichi ya mguu imara kuliko mlango wangu. Ndani, waya za betri nyembamba kama uzi wa kushonea shanga, zimeshikwa kwa tone la gundi. Tundu la kuchomekea gitaa limeota kutu ya kijani, hewa yetu ya chumvi haijali sahihi ya mtu. Na saketi yenyewe haionekani! Jamaa ameimwagia gundi nyeusi, ngumu kama lami ya barabara iliyopoa, ili fundi mwingine asije akaiba siri yake. Hata chipu iliyochungulia pembeni ameikwangua jina. Nikasema peke yangu, bwana we, unaficha nini humu, dhahabu?

Nikakaa nayo. Chuma cha kulehemu kwa mkono mmoja, kisu kidogo kwa mkono mwingine, napasha moto, nakwangua unga kidogo, napuliza, napasha tena. Kichwa kiliniuma kwa ule moshi, na mwenye duka la mchele jirani yangu akaja kuuliza kama nachoma kwato. Polepole saketi ikatokea. Siri yenyewe unaijua wewe na ninaijua mimi: chipu moja ya kukuza sauti, vipingamizi na kapasita chache, na diodi za kukata sauti ikipanda sana. Ugonjwa niliuona mapema, waya mmoja wa betri ulikuwa umekatika ndani ya gundi. Kazi yangu ilikuwa nilehemu, nisafishe kutu, nifunge, nimpe mtu mali yake. Ningeishia hapo, leo ningekuwa nakuandikia habari nyingine.

Lakini nikaona jambo. Diodi zilikuwa tatu. Unajua sauti hupanda na kushuka, na kila upande una diodi yake ya kuikata ikizidi. Basi upande mmoja aliweka moja, upande wa pili akaweka mbili. Nikacheka. Nikasema huyu fundi wa sahihi alisinzia, au alikuwa akiongea na mkewe huku analehemu. Wewe ulinifundisha kwamba pande mbili zikikatwa visivyo sawa, redio inakoroma, na redio ikikoroma ni mgonjwa. Nikaing'oa ile moja ya ziada ili pande zilingane. Tena kwa kuwa kulikuwa na mvumo kidogo kama wa mbu, nikatia kapasita ndogo ya kuumeza, kama tunavyofanya kwa redio za wazee wanaosikiliza taarifa ya habari. Nikafunga nikijipongeza. Nilidhani nimemfanyia Bakari zaidi ya alivyoomba.

Akaja kujaribu kwenye kale kaspika kangu kadogo, malori yanapita nje, mashine ya kusaga nayo inanguruma. Taa ikawaka, sauti ikatoka. "Alhamdulillahi, ameamka," akasema, akanikumbatia, akaondoka na leso yake.

Ijumaa alasiri nilikwenda naye hotelini kumbebea nyaya. Meneja mpya ni kijana kutoka Nairobi, amekaa peke yake katikati ya meza tupu na glasi ya maji ya chungwa. Bendi ikaanza. Athumani, mwimbaji wao, aliimba vizuri kweli siku ile. Ilipofika zamu ya gitaa, Bakari akatamka bismillahi yake akakanyaga, nami nikamwona uso ukibadilika. Ile sauti haikuwamo. Ilitoka nyororo, laini, imelala, kama redio iliyofunikwa mto. Hakuna koo lililokauka, hakuna kilio. Akanitazama mara moja tu, kisha akainamisha kichwa akapiga mpaka mwisho, kama mtu anayekula chakula kisichotiwa chumvi nyumbani kwa watu. Mimi nyuma ya spika nilitamani ardhi inimeze.

Meneja akapiga makofi. "Hiyo iko sawa kabisa," akasema. "Hiyo gitaa imetulia, wageni wanaweza kula nayo. Mimi nilikuwa nimeambiwa mko na kelele. Sasa wewe wa gitaa utabaki na jamaa wa kinanda. Hao wengine, pole sana, budget haiko."

Basi ndivyo ilivyokuwa, kaka. Bakari akapata kazi kwa ajili ya sauti isiyo yake, na wenzake wakafutwa wakiwa wamesimama pale pale jukwaani, mpiga ngoma bado ana vijiti mkononi. Huenda wangefutwa hata sauti ingetoka sawasawa. Huenda wote wangefutwa, na Bakari pia. Au huenda yule kijana angesikia ile sauti, akasimama pale alipokaa, na wote wangebaki. Hakuna wa kunijibu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tulipotoka kwa mlango wa nyuma, Athumani ndiye aliyesema. Athumani huyo nimekula naye sahani moja. "Si tulikwambia Bakari, mpeleke kwa fundi wa Mombasa? Ukampelekea mtu wa bara. Hawa tukiwaacha watatumaliza mmoja mmoja." Wapishi waliokuwa wakimenya viazi wakainua vichwa. Unajua maneno hayo siku hizi yanakwenda wapi yakitoka kinywani. Bakari akaweka gitaa chini, akamsogelea.

"Athumani, maneno hayo yameze."

"Kwani nimesema uwongo?"

"Yameze, nakwambia. Huyu amekula kwa mama yangu."

Athumani akatema mate pembeni, akaenda zake. Hakusema tena, lakini hakuyameza.

Kesho yake asubuhi Bakari akaja dukani. Nilikuwa na amplifaya kubwa ya kanisa niliyoletewa, nikamwambia kaa, sasa nimeelewa. Maana nilikuwa nimekaa na kile kisanduku akilini, nikang'amua kwamba yule mzungu aliyekitengeneza hakusinzia hata kidogo. Kule kutolingana ndiko kulikokwaruza. Alikusudia sauti iumie upande mmoja kuliko mwingine, na mimi nikaitibu ikapona. Mbele ya macho yake nikairudisha diodi ya tatu, nikaitoa kapasita yangu. Nikamwambia piga.

Kaka, ukuta ulitetemeka. Sauti ile ikaja yote, na kidonda chake. Mama mkaanga viazi akaacha karai akaja mlangoni, mtu wa baiskeli akashusha mguu. Bakari alifumba macho akapiga wimbo mzima, machozi yanamtoka na mabega yanacheka. Nami nikalia, sikuficha. Nikadhani basi, tumeokoka.

Alipomaliza akakishika kisanduku kwa mikono miwili.

"Ndiye huyu," akasema. "Sasa mfanye tena kama ulivyomfanya."

"Bakari, hapana."

"Mfanye, fundi. Ukimwacha hivi nitampiga, na nikimpiga watanifukuza. Mimi najijua."

Nikaitoa ile diodi mara ya pili, safari hii nikijua ninachokitoa. Nilimwambia aichukue aitunze. Akakataa hata kuishika.

Basi nisalimie wote. Mama mwambie dawa ya kuchua magoti nitamtumia na mtu wa kanisa anayesafiri. Shemeji mpe hongera, na huyo mtoto mpya umbusu kwa niaba ya baba yake mdogo. Shangazi yetu wa sokoni mwambie kitambaa chake sijakisahau. Baba mkwe wako, yule mwalimu mstaafu, mwambie redio yake asimpe mtu mwingine aifungue. Na wewe mwenyewe, kama utakutana na kitu kilichotengenezwa kwa mkono na hukielewi, kiache kama kilivyo mpaka umsikilize mwenye kukitumia. Sikulaumu. Kwa redio ulinifundisha sawa.

Kuhusu kuja nyumbani, mwambie mama nitakuja, ila usimtajie lini. Sasa hivi siwezi. Kila Jumamosi, kabla ya kwenda hotelini, Bakari anapitia hapa. Haingii ndani. Anavuta kiti nje pale mbele, barabarani, mahali ambapo kila mtu wa Ukunda anapita, Athumani naye akiwamo, anaagiza chai mbili, na kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake ananishukuru kwa kazi nzuri niliyomfanyia. Hanitazami anapoyasema. Anawatazama wapita njia, ili wajue huyu mtu wa bara ana mwenyewe. Nikiondoka wiki hii, kaka, atakuwa amekaa pale bure.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Simiyu