Friji la Ami Firoz na Maji Kupwa

Jumatano, mwezi wa Machi. Mpendae.

Mawingu toka alfajiri, mvua haiji, jua halitoki. Joto limekaa juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga. Nguo nilizofua asubuhi bado mbichi, na chai niliyojitilia imepoa mbele yangu. Leo sina hamu ya kitu.

Nimefanya kosa. Naliandika hapa kwa sababu leo mdomo wangu umeshindwa kulisema pale lilipotakiwa kusemwa.

Kwa anayepita kwenye ukurasa wangu huu mara ya kwanza: mie ni Salma, fundi wa mafriji. Kazi nimeirithi kwa marehemu baba yangu, aliyekuwa akitengeneza vyumba vya barafu bandarini Malindi, hapa hapa mjini. Nshazoea kuulizwa "fundi mwenyewe yuko wapi?" na mie nimesimama pale pale na spana mkononi. Pengine ndiyo maana nimekuwa na mdomo mrefu. Sijitetei, nasema tu.

Ami Firoz si ami yangu wa damu. Ni mzee wetu wa mjini, aliyeuza vitambaa Mji Mkongwe miaka arubaini, na baba yangu alikuwa rafiki yake. Alipofunga duka akanunua boti ndogo ya matanga, kuukuu, azunguke na mkewe Bi Zarina: Matemwe, Pemba, na wakijaaliwa hata Mafia. Watu walimcheka. Bi Zarina hakucheka, alishona mapazia ya vidirisha vya boti. Lakini Bi Zarina ana kisukari, anajichoma insulini kila siku, na dawa ile inataka ubaridi. Bila friji hakuna safari. Ndipo nilipoitwa.

Sasa, friji halitengenezi baridi, linatoa joto ndani na kulitupa nje. Kwenye boti unalitupa kwa njia mbili: ama feni inalipeperusha, ama pampu inavuta maji ya bahari, yanapita kwenye bomba, yanalichukua joto na kwenda nalo. Ami Firoz alitaka feni. Alisema feni hata yeye anaijua, ikifa atanunua nyingine Darajani.

Mie nikataka maji. Sababu nilikuwa nazo, na mpaka leo ni za kweli. Kompresa, ule moyo wa friji, inakaa chini ya kitanda, kwenye kisanduku kisichopitisha hewa, na feni ingekuwa inapuliza joto juu ya joto na kumaliza betri kabla ya adhuhuri. Maji ya bahari ni baridi kuliko hewa, na boti imekaa ndani yake. Baba yangu alifanya kazi na maji maisha yake yote.

Hayo ningeweza kuyasema kwa adabu. Nikayasema barazani, mbele ya wazee wenzake wanaokunywa kahawa, na chumvi nikatia: "Ami, vitambaa nakuachia wewe, friji niachie mie." Wakacheka. Naye akacheka, maskini, halafu akaniuliza swali moja tu: "Na likikosa maji je, mwanangu?"

Nikamjibu, "Ala! Ami, kwani bahari itakwenda wapi?"

Baraza zima lilikufa kwa kicheko.

Mie, niliyezaliwa kisiwani, ambako bahari inaondoka mara mbili kila siku.

Tena ngoja. Boti ile ina mikuku miwili, mbao ndefu za tumboni kwa chini, maji yakikupwa inasimama wima mchangani bila kulala. Ndivyo tunavyofanya kazi huku, hungoji winchi wala chelezo cha kuipandishia boti, unangoja maji yakupwe, unaifuata boti kwa miguu, na ukimaliza bahari inakuja kuichukua. Tundu la kuvutia maji nililitoboa mwenyewe. Nilichutama chini ya boti, mchanga mkavu, kandambili nimezivua pembeni zisirowe mafuta. Wallahi sikufikiri. Nilifunga pampu, nikangoja maji yajae, nikawasha, na kabla ya magharibi barafu ilikuwa imeshika. Nikampiga picha Bi Zarina amelishika friji kama kalizaa yeye. Picha ile nimeiweka humu humu, mlioiona mnaijua.

Wiki tatu zilizopita wakaenda Matemwe, arusi ya binti wa mtu aliyewafanyia kazi dukani miaka mingi. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kukupwa sana. Wakaingia na maji yaliyojaa, wakatia nanga karibu na ufukwe, wakalala kijijini siku mbili. Bi Zarina akachukua sindano za siku mbili tu, dawa nyingine wakaiacha kwenye boti. Bi Zarina aliwaambia wenyeji kwamba umeme wa kijijini hauaminiki, friji la Salma ndilo la kuaminika. Hayo nimeyasikia kwa kinywa chake mwenyewe.

Maji yakakupwa. Matemwe kwenye bamvua bahari inakimbia mpaka mwambani, wanawake wanakwenda kwenye mwani wao kwa miguu. Boti ikasimama juu ya mchanga, pampu ikavuta hewa, mpira wake wa ndani, ule wenye mabawa ya kusukumia maji, ukaungua, kompresa ikapata moto na kujizima. Maji yaliporudi hakukuwa na kitu cha kuyavuta. Siku mbili, boti imefungwa, jua la Machi.

Ami Firoz aliporudi alikuta friji kimya. Akaigusa swichi, akaibonyeza huku na huku bila kutazama ilikuwa imekaa wapi, likaunguruma. Friji la namna hii likijizima kwa joto linangoja swichi iguswe upya, ndiyo kazi yake. Yeye hakujua hilo. Alichojua ni kwamba ameiwasha swichi na friji limeamka, basi aliyelizima ni yeye. Amesahau. Akaona haya kumwambia mkewe. Dawa ilikuwa na sura ile ile, rangi ile ile, akajipa moyo. Akaitia mkobani, wakarudi mjini siku ile ile.

Bi Zarina akajichoma dawa iliyokufa wiki nzima. Kiu, uchovu, macho mazito, wakaisingizia halua ya arusini. Siku ya nane akaanguka chooni.

Sasa yuko hospitali. Sukari imeteremka, lakini figo wanaziangalia, na kukaa kitandani bila kushikwa hawezi.

Haya yote nilikuwa siyajui mpaka juzi, na ya swichi mpaka leo. Ami Firoz alinipigia simu akaniomba nikaliangalie friji kwa sababu boti anaiuza, na hataki mtu anunue kitu kibovu. Mzee huyo ndiye niliyemcheka barazani. Nikaenda, nikafungua pampu, nikautoa mpira. Mabawa yake yameungua na kukatika kama vipande vya mkate uliosahauliwa motoni. Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama mchangani, maji yako mbali kule.

Nikautia mpira mkobani.

Leo saa kumi nimekwenda kumtazama Bi Zarina, nimemchukulia uji wa mtama usio sukari. "Shikamoo, Bi Zarina." "Marahaba, mwanangu," sauti yake kama inatoka chumba cha pili. Akaniuliza kama mapazia yake yamo kwenye boti bado. Nikamwambia yamo.

Ami Firoz alikuwa nje kwenye ukumbi. Yeye ambaye kanzu yake siku zote ina mstari wa pasi, leo imejikunja mpaka kifuani. Mwanawe mkubwa amekuja kutoka Dar, amechukua kwake funguo za boti na za gari, kwa heshima zote, kwa maneno mazuri. Mzee hakubisha. Ndipo aliponieleza habari za swichi, na akaanza kunihesabia: miwani aliyoitafuta na iko usoni, jina la jirani lililompotea, sala aliyorudia akidhani hajasali. Anaikusanya akili yake vipande vipande anionyeshe imevunjika wapi.

Akanishika mkono. "Niambie kweli, Salma. Na wewe ulishaniona nnasahau?"

Mpira ulikuwa mkobani mwangu. Nilikwenda nao makusudi.

Nikamwambia, "Sote tunasahau, Ami."

Yarabi! Neno gani lile? Kosa la pampu nilikuwa sijui, lakini hili nimelitenda macho makavu. Nimemwacha mzee mwenye akili zake timamu aamini zinamtoka, ili watu barazani wasije wakasema "si tulisema, mwanamke na friji wapi na wapi." Kwa hilo tu. Nimelitafuta jengine la kunisitiri tangu niliporudi nyumbani, na sikulipata.

Tena akaniambia Mungu anibariki, kazi yangu ilikuwa nzuri, yeye ndiye aliyeiharibu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba alikuwa akiisema kila mteja anapoficha kwamba friji lake lilidondoshwa. Mzee Firoz alificha haya yake siku moja tu, na mkewe yuko kitandani. Ya kwangu nikiificha itamlaza mzee mwenyewe, na sidhani kama ataamka.

Najua kumwambia hakutamrudishia Bi Zarina figo. Wala hakutamfutia lile la kunyamaza, lile atabaki nalo, kama nitakavyobaki na langu. Pengine mwanawe atanifukuza. Pengine Bi Zarina hatataka kuniona tena, na atakuwa na haki. Lakini miwani iko usoni mwa kila mzee wa mji huu, na swichi ile hakuizima. Hilo ni lake, na nnalo mie.

Kesho saa kumi wanafungua mlango wa kutazama wagonjwa. Nitautia mpira huu mkononi mwake, mbele ya mwanawe, na nitamkumbusha swali aliloniuliza barazani. Kisha nitakwenda barazani kwenyewe, niwaambie na wazee wa kahawa.

Najijua lakini. Leo pia nilitoka hapa nimeazimia. Kwa hiyo haya sitayatoa usiku huu, yatakaa humu ndani hayajasomwa na mtu. Nikishindwa tena kesho, nitayafuta, na nyinyi hamtajua chochote, mtaendelea kuitazama ile picha.

Ukiwa unayasoma, basi ujue nshamwambia.